Namba Alizonisomea Mama

Umeme ulikatika asubuhi, na uliporudi, vitabu vyangu vyote vikawa vimefungiwa nyumbani.

Viko mia moja na sita, ndani ya kompyuta kuukuu ambayo mpwa wangu aliiweka sebuleni ikae inawaka muda wote. Simu yangu haina nafasi ya kuhifadhi hata kimoja. Kwa hiyo kila mapumziko, hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, naandika kwenye simu anwani ya ile kompyuta, yaani mafungu manne ya namba, na vitabu vyangu vinajipanga mbele yangu. Mpwa alinionya: umeme ukikatika anwani inaweza kubadilika, na mpya itajiandika kwenye kioo cha kompyuta.

Leo jioni mwalimu wa masomo yetu ya jioni angetuhoji mmoja mmoja kuhusu sura ya figo, iliyo ndani ya vitabu hivyo. Nilishafeli mara moja. Nikifeli tena narudishwa darasa la chini, na mimi nina miaka hamsini na mbili.

"Bibi daktari," aliniita Kijiko, mwenzangu wa mashine ya kukaushia, "shuka za wodi ya watoto zinakusubiri. Figo hazikimbii."

"Dakika zangu kumi hazijaisha." Niliomba kimyakimya, nikampigia mama.

Mama hajui kusoma maneno. Namba alijifunza kanisani, kwenye ubao wa nyimbo, kila namba na wimbo wake.

"Mama, kaa mbele ya kompyuta. Unaona namba?"

"Naziona. Ya kwanza mia mbili na tatu. Huo ni wa mazishi, mwanangu, mbona unaanza na msiba?"

"Endelea, mama."

"Halafu yai."

"Sifuri?"

"Yai tupu, halina wimbo. Halafu mia moja thelathini na moja. Mwisho arobaini na saba."

Niliandika. Simu ikazungusha kiduara chake, ikakataa. Nikaandika upya, ikakataa tena.

"Hata figo zimekukimbia!" Kijiko akacheka.

Zilibaki dakika nne. Ee Mungu, nikasema moyoni, darasa la chini sirudi. Nionyeshe nilipokosea.

"Mama, huo wa tatu ni wimbo gani?"

"Wa shukrani. Ule wa wakati wa sadaka."

Mia moja thelathini na moja ni wa toba, nimeuimba tangu utoto. Wa shukrani ni mia moja kumi na tatu. Macho ya mama yalikuwa yameona sawa, ulimi ndio uliopindua.

"Una hakika si wa toba?"

"Toba ya nini mchana huu, nimemkosea nani? Nimesema shukrani!"

Nikaandika mia moja kumi na tatu. Vitabu vikafunguka, vyote.

Mapumziko yakaisha nikiwa ukurasa wa pili. Nikanyanyuka, simu mkononi. Kijiko akanitazama, akavuta rundo langu la shuka upande wake.

"Soma kwa sauti," akasema. "Mimi nakunja. Lakini usinifiche kitu, na mimi nina figo."

Nikasoma sura nzima, mashine zikinguruma, na kila alipouliza "Kwa nini?" ilinibidi nieleze. Kwa hiyo jioni mwalimu aliponiita, maswali yake yalinikuta nimeshayajibu. Aliandika jina langu kwenye orodha ya wanaoendelea.

Nyumbani nilimkuta mama bado ameketi mbele ya kompyuta, miwani puani.

"Nimekaa hapa tangu mchana," akasema. "Isije ikabadilisha tena."