Biskuti Zisizotaka Kuguswa

Siri ya Fundi ilifichuka kutoka mfukoni mwa koti la Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mbele ya wazazi wapatao mia mbili, ndani ya suti mpya aliyoichukua kwa Fundi asubuhi ileile. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa biskuti ya tangawizi iliyoumwa upande mmoja. Aliitazama, wazazi nao wakaitazama, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Jioni alipita kwenye duka la mke wa Fundi, akaiweka biskuti juu ya kaunta ikiwa imefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Shemeji," akasema kwa adabu zake zote, "nadhani hii ni ya kwenu."

Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Biskuti, hakuhitaji maelezo. Biskuti ilikuwa yake, aliioka kwa mkono wake. Na alama ya meno, yenye pengo katikati, aliifahamu vilevile, maana ameishi na meno hayo miaka thelathini na moja.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, daktari alikuwa amewaketisha wote wawili na kuwaeleza bila kuzungukazunguka. Sukari ya Fundi ilikuwa imepanda vibaya, na sasa ilikuwa imeanza kuyatia macho ukungu. Ikishuka na kukaa chini, ukungu ule ulikuwa na nafasi ya kuondoka. Ikiendelea kupanda, yeye daktari hakuwa na la kuahidi. Warudi baada ya miezi minne, apimwe tena. Fundi aliapa palepale kwamba biskuti basi, mwisho, hataki hata kuzisikia. Halafu akaongeza kwamba ukungu wenyewe hauoni, labda daktari abadilishe balbu ya chumba chake.

Huyo ndiye Fundi. Ukimwambia anaumwa, anakutafutia kosa wewe.

Lakini Mama Biskuti alikuwa na macho yake mawili mazima. Chumba cha kushonea na duka lake la kuoka vilitenganishwa na pazia tu, na wiki iliyopita aliiona suruali ya bluu iliyokoza ikiwa imeshonwa kwa uzi mweusi kuanzia kiunoni hadi chini. Mtu mwingine angeweza kukosea hivyo. Fundi, aliyejulikana kwa kutofautisha weusi wa aina saba kwenye mwanga wa mshumaa, hangeweza.

Basi jioni ile alivuta pazia, akaiweka biskuti ya Mwalimu Mkuu juu ya cherehani.

"Hii ya nani?"

Fundi aliinama, akaichunguza kama kitambaa cha mteja. "Si yangu."

"Na meno je?"

"Meno ya namna hiyo wanayo wengi."

Basi upekuzi ukaanza. Mama Biskuti alikuta biskuti mbili ndani ya kopo la vifungo, moja chini ya mto wa sindano, nne kwenye boksi la zipu, na tatu, Mungu amsamehe, ndani ya mkono wa gauni jeupe la bibi harusi. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine huku Fundi akitazama dari. Alikuwa ameandaa maneno makali ya kumtosha mpaka mwaka ujao. Kisha akazitazama zile biskuti zilivyojipanga, zote za mkono wake, zote zimetoka kwenye tanuri lake. Hasira ilimwisha, ikaja hofu. Mwanamume huyu ameshona tangu ana miaka kumi na minne. Akinyang'anywa macho, atakaa kwenye kiti gani? Ataamka asubuhi aende wapi?

Siku hiyohiyo akampigia simu binti yao, aliyeolewa mji mwingine na aliyekuwa akisoma kila kitu kuhusu vyakula vya watu wenye sukari tangu baba yake apatikane nayo.

"Mama, inawezekana kabisa," binti akasema. "Unatumia unga wa lozi, siyo wa ngano. Siagi, yai, chumvi kidogo. Na kuna poda tamu ambayo si sukari, utaipata duka la dawa. Sasa sikiliza, kwenye kuoka..."

"Kuoka nakujua. Wewe nitajie vitu tu."

"Mama, lakini hizi zina tofauti..."

"Nani alikufundisha kuchemsha maji?" Akakata simu.

Hapo ndipo alipojikwaa, na alijikwaa kwa sababu ya ujuzi wake mwenyewe. Mtu asiyejua kuoka angemsikiliza yule binti mpaka mwisho. Mama Biskuti alikuwa na kidole gumba. Miaka yote hiyo hakuwahi kutumia saa wala kengele. Akitoa trei alikuwa akiibonyeza biskuti moja katikati kwa gumba, ikikataa ameitoa, ikizama anairudisha. Gumba lile halikuwahi kumdanganya, na wanafunzi aliowafundisha walikuwa wakiliogopa kuliko moto wa tanuri.

Trei ya kwanza ilitoka ikinukia vizuri. Akabonyeza. Gumba likazama kama kwenye udongo mbichi. Akairudisha. Akaitoa, akabonyeza, likazama tena. Akairudisha. Mara ya tatu ilitoka moshi. Fundi, aliyeitwa kuja kuonja, alitafuna kwa muda mrefu, akameza kwa shida.

"Sema kweli," Mama Biskuti akamwambia.

"Ina ladha ya pasi iliyosahauliwa juu ya koti."

Trei ya pili aliongeza unga wa lozi, akidhani mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Ilizama, ikarudishwa, ikaungua. Ya tatu alipunguza siagi, ikawa vilevile, isipokuwa sasa ilivunjikavunjika pia. Alizimwaga uani. Kuku wa jirani walikuja mbio, wakazinusa, wakaenda zao. Mama Biskuti hakuwahi kutukanwa na kuku maishani mwake, na siku ile alitamani kulia. Unga wa lozi ni ghali, si wa kuchezea, na muda nao ulikuwa unakwenda. Zaidi ya hayo, alimjua mumewe. Kama hatapata biskuti ya halali, atarudia zile za haramu, na kopo la vifungo halikosi kujazwa tena.

Jumapili mchana duka lilikuwa limefungwa. Alimwamuru Fundi aje akae jikoni, si kwa ajili ya mazungumzo bali ili amwone alipo. Fundi alikuja na suruali ya kupunguza urefu, akajikunyata karibu na dirisha. Trei ya nne ikaingia. Ilipotoka, kingo zilikuwa zimeshika rangi ya dhahabu. Mama Biskuti akabonyeza. Gumba likazama. Akaishika trei kwa vitambaa vyake, tayari kuirudisha.

"Mbona unazirudisha?" Fundi akauliza.

"Hazijaiva."

"Zimeiva. Nasikia harufu mpaka hapa."

"Wewe shona."

"Mama watoto, hebu ngoja." Akaweka suruali chini. "Mimi nikipiga pasi mkunjo wa suruali ya sufu, nikiinyanyua ingali moto, mkunjo unakufa. Lazima niiache palepale mezani mpaka ipoe. Kitambaa kikiwa na moto hakijaamua kitu. Kikipoa ndipo kinashika. Na ukikigusagusa umekiharibu."

"Biskuti si suruali."

"Sawa. Umeoka trei tatu kwa njia yako, na kuku wamezikataa. Hii moja niachie mimi."

Lile la kuku lilimwingia. Akaiweka trei juu ya meza. Akakaa. Akasimama. Akaipita karibu, na mkono ukaenda wenyewe. Gumba likatua kwenye biskuti ya pembeni kabla hajajua kama limeondoka.

"Umegusa!"

"Sijagusa."

"Nimeliona shimo."

Fundi akavuta kiti chake mpaka mbele yake, goti kwa goti, akaikamata mikono yake yote miwili na kuibana katikati ya mikono yake kama mtu aliyekamata kuku. "Nusu saa," akasema. "Huendi popote."

Mama Biskuti alicheka, akajaribu kujinasua, hakuweza. Mikono ya Fundi ilikuwa na nguvu za mkasi. Basi wakakaa hivyo, watu wazima wawili jikoni, mmoja kamshika mwenzake, na trei ikipumua mvuke pembeni. Dakika tano za kwanza walisemana kuhusu kuku. Kisha maneno ya mzaha yakaisha, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi mkononi, wala cherehani, wala donge la unga, ukimya uliingia ambao kwao ulikuwa mgeni.

"Siuoni uzi," Fundi akasema.

Hakumtazama. Alikuwa akiitazama mikono yao.

"Ile suruali ya bluu. Sikuona kama ni nyeusi au bluu. Nilikisia. Siku hizi nakisia sana."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya daktari. Wateja wanadhani natafakari, kumbe nasubiri ukungu upite."

Mama Biskuti alijua, lakini kusikia kutoka kinywani mwake ni jambo jingine. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Naogopa," Fundi akasema. Katika miaka thelathini na moja alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele yake, hata siku nyumba ilipoezuliwa paa. "Naogopa sana. Nikisema, linakuwa kweli."

"Na ukaendelea kula biskuti! Unajua zinakula macho yako, na unazificha kwenye gauni la mtu!"

"Watu wote wa mtaa huu wanakula mkono wako," Fundi akasema. "Mwalimu Mkuu anakula. Yule muuza magazeti anakula. Wanapita hapa wanakusifu, nami nakaa nyuma ya pazia nikisikia. Nikiwa mimi peke yangu nisiyekula, mimi ni nani katika nyumba hii?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Biskuti, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Mjinga wewe," akamwambia. "Mjinga mkubwa kabisa." Na Fundi akaitikia kwamba ndiyo, hilo analijua.

Nusu saa ilipita na nyongeza. Fundi alipomwachia, alijifuta uso kwa pindo la kanga, akaenda kwenye trei. Akainua biskuti moja kwa ncha za vidole, akitegemea itainama. Haikuinama. Akaivunja. Ilikatika kwa mlio safi, mlio anaoujua hata akiwa usingizini. Akaonja. Si kama zile za zamani. Nani amdanganye nani. Ulimi ulipata ubaridi kidogo mwishoni, na lozi zilijitokeza mbele kuliko siagi. Lakini ilikuwa biskuti, ya kumwekea mgeni kwenye sahani bila aibu.

Fundi akala ya kwake waziwazi, akiwa ameketi mezani, makombo yakimwangukia kifuani.

"Nyingine," akasema.

"Kesho."

"Hiyo yenye shimo la gumba. Hiyo haihesabiki."

Akampa. Hapo alikosea kidogo, lakini tumsamehe.

Ile ya siagi ikafuatwa na ya tangawizi, kisha ya karanga, kisha ya vipande vya chokoleti chungu, na kila moja ilikuwa na vita vyake. Mama Biskuti alijifunza kutia mikono mfukoni. Nisije nikatia chumvi hapa: biskuti hazikutibu chochote. Vidonge vilifanya kazi yake, na mboga za majani, na matembezi ya kila jioni ambayo Fundi aliyalalamikia hatua kwa hatua. Biskuti zilifanya jambo moja tu, nalo ni kwamba hakuficha tena. Vifungo vilirudi kwenye kopo lao.

Miezi minne ilipotimia, walirudi kliniki. Sukari ilipimwa kwanza, na daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, lakini Mama Biskuti hakujali namba. Alikuwa akiutazama ubao wa herufi ukutani. Safari ile ya kwanza Fundi alikwama mstari wa tatu. Wakati daktari akiandika, Mama Biskuti aliukariri ubao wote, juu mpaka chini. Na Fundi alipokalishwa na kuzibwa jicho moja, alisikia mkewe akinong'ona nyuma yake, "H... T..."

"Mama," daktari akasema, "naomba utusubiri nje."

"Sijasema kitu."

"Nje, mama."

Akatolewa. Mlango haukufungwa sawasawa, naye akajibanza pale kwenye korido, sikio kwenye mwanya, mikono kaifumbata kifuani. Akaisikia sauti ya mumewe ikianza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, na hapo akasita, na Mama Biskuti akaacha kupumua. Kisha sauti ikaendelea. Wa nne, polepole, herufi moja moja, na kila moja aliilinganisha na ile aliyoikariri kichwani, na kila moja ilikuwa sahihi. Wa tano. Hakuwa akikisia. Mtu anayekisia huharakisha, na Fundi alikuwa akienda taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Muuguzi kijana aliyekuwa akipita na faili alimwona mama mtu mzima akilia kwa kwikwi ukutani, akasimama kwa huruma.

"Pole, mama. Kuna msiba?"

Mama Biskuti alimwekea kidole mdomoni anyamaze, asije akampotezea mstari wa sita.

"Hapana, mwanangu," akanong'ona. "Mume wangu anasoma."