Aksanti Kabla ya Kura

Kila Ijumaa saa nane mchana nafunga madirisha ya ofisi yetu ya Nguba, hapa Bukavu, ili honi za pikipiki zisiingie kwenye sauti, halafu nasoma habari za Muheshimiwa Bisimwa mbele ya simu. Tunaziita Dakika Tano za Muheshimiwa. Hazijawahi kuwa tano. Ndani yake natia kila kitu: maji yatakatika siku gani, udongo umeziba wapi barabara ya Mumosho, nani amefiwa, salongo ya Jumamosi, ile kazi ya usafi ya watu wote, itasafisha mtaa gani, na kazi ya mbunge wetu katika Bunge la jimbo. Kazi ya mbunge huja ya kwanza, hata kama wiki nzima alikuwa amelala. Sauti inakwenda kwenye makundi ya WhatsApp. Karatasi inakwenda kwa viongozi wa shirika, zile jumuiya ndogo za parokia, nao wanaisoma baada ya sala.

Nimeifanya kazi hiyo miaka sita. Kabla yake nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili, na huko nilichoka sana. Nilidhani hapa nitapumzika.

Kosa ninalotaka kulieleza ni langu. Watu watasema ni la Muheshimiwa, na kweli naye ana lake, lakini sauti iliyosikika mjini ilikuwa yangu, mimi Philémon.

Muheshimiwa alikuwa ameandika edit, yaani sheria ya jimbo, juu ya wanawake wanaobeba mizigo bandarini. Kila mtu wa Bukavu anawajua. Boti ikifika na makala, yaani mkaa, au ndizi kutoka upande wa Katana, wao ndio wanaotia gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kupanda nalo ngazi zote mpaka barabarani. Edit ilisema mwanamke asibebeshwe zaidi ya kilo hamsini, na mzigo wa kilo mia ugawanywe kwa wawili, kila mmoja alipwe wake. Ilikuwa sheria nzuri. Siyo kwamba nampaka mtu mafuta. Mdogo wangu Rosette amebeba katika bandari hiyo miaka kumi na mmoja, na akija kwangu kunisalimu, hawezi kukaa kwenye kiti bila kushika ukuta kwanza.

Sasa, edit hiyo ilipita katika komisyo, yaani kamati, watu saba ndani ya chumba kimoja. Mbele ya Bunge zima ilikuwa bado haijafika, na Bunge lilikuwa linaingia likizo ya miezi mitatu. Nilimwambia Muheshimiwa tuandike hivyo hivyo.

"Papa Philémon," akanijibu, "batu habapendi maneno ya komisyo. Bataanza kuuliza komisyo ni kitu gani. Sema tu imepita. Kwani haikupita?"

Nilikuwa nimechoka. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili na nilikuwa narekodi kwa mara ya tatu. Nikasema imepita. Halafu nikatia chumvi yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyenituma: "Kuanzia leo, mama yeyote akibebeshwa kilo mia, auweke mzigo chini." Nilikuwa namfikiria Rosette. Nilitaka asikie.

Alisikia. Walisikia wote, wakaanza mara moja kutayarisha aksanti. Saa na mahali nikawatangazia mimi kwenye makundi.

Kwetu, mtu akikutendea jambo kubwa, haitoshi kumpigia simu. Mnachanga, mnanunua mbuzi, mnavaa kitambaa cha aina moja, mnakwenda mpaka nyumbani kwake mkiimba. Akiipokea aksanti na kuila, jambo limefungwa. Ukirudi kesho kumwambia kwamba kile kitu hujakipata, umemtukana yeye na umewaaibisha wote mliokwenda pamoja. Ndiyo sababu watu wazima hungoja kitu kifike mkononi kwanza. Hawa mama hawakungoja, kwa kuwa aliyewaambia ni mwalimu Philémon, aliyewafundisha watoto wao kuandika.

Jumapili baada ya misa walifika Nguba, nyumbani kwa Muheshimiwa, mama zaidi ya arobaini, na mbuzi mweusi aliyenona. Rosette alikuwa mbele anacheza. Mgongo ule uliokuwa unaomba ukuta, siku hiyo ulicheza. Muheshimiwa alitoka na shati jeupe, akashika kamba ya mbuzi, tukapiga picha. Alisema maneno mengi juu ya heshima ya kazi. Mimi nilipewa ini, nikalila lote. Kila kipande nilichomeza nilijua kwamba ningepaswa kusimama na kuwaambia ukweli, na sikusimama. Niliogopa, basi.

Jumatatu asubuhi boti ya makala ikafika. Rosette alipowekewa gunia la kilo mia, aliliweka chini, na wengine kumi na wanane wakafanya kama yeye. Kapita wa bandari, jina lake Elysée, ndiye anayeshika orodha ya wabebaji. Hakugombana nao. Alitoa kalamu mfukoni, akafuta majina kumi na tisa, akaita wengine waliokuwa wanangoja juu barabarani. Bukavu wasio na kazi hawakosekani kamwe. Kufika saa nne boti ilikuwa tupu, na mizigo imekwenda zake.

Rosette alikuja kwangu siku hiyo hiyo, bado amevaa kitambaa cha Jumapili. Mimi kaka yake huniita Yaya.

"Yaya, ile sheria iko wapi? Elysée anasema tumuletee karatasi."

Nikamweleza yote: komisyo, Bunge, likizo, miezi mitatu.

"Na mbuzi yetu mulikula."

"Tulikula."

Hakupandisha sauti. Ningependa anitukane. Ana watoto wanne na mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Shabunda, ambaye tangu mvua zilizopita hatumi hata salamu. Akiikosa nafasi ile hana nyingine, na mgongo ule hauwezi kuanza kazi mpya.

Kesho yake nilimkuta Muheshimiwa anakunywa chai.

"Honorable, bale bamama bamefukuzwa. Twende wote ku bandari. Elysée ataogopa akikuona."

"Nitaenda kumuambia nini, na edit haiko?" Akakoroga chai. "Tena, Papa Philémon, bo benyewe baliniletea aksanti. Uliona wapi mutu analeta aksanti, kisha anasema hakupata kitu? Nikienda kule kulalamika, nitakuwa nabapatisha haya."

Kibaya ni kwamba hakuwa anatania. Alikuwa anazungumza kwa upole, kama mtu anayewalinda. Na kwa desturi yetu alikuwa na haki. Mama wale wasingethubutu kukanyaga tena ua wake na midomo ya kulalamika. Nilijua hata bila kuwauliza. Niliondoka pale na hasira isiyokuwa na pa kwenda, kwa maana saa na mahali pa kuleta mbuzi niliwatangazia mimi.

Nikaamua kwamba Ijumaa nitasema ukweli. Niliandika kwa mkono, usiopendeza lakini wazi: kwamba nilikosea, kwamba edit ilipita komisyo tu, kwamba mama wa bandari waliweka mizigo chini kwa sababu yangu, na ninamwomba kapita awarudishe. Nikajua kwamba baada ya sauti hiyo sitakuwa tena na ofisi. Kusema kweli, wazo hilo lilinipa nafuu kidogo.

Ijumaa ikafika. Nilikuwa nafunga dirisha la pili Rosette alipoingia, kamba yake ya kubebea shingoni.

"Yaya, ngoja kwanza. Elysée amekubali kuturudisha ku liste. Bote kumi na tisa."

"Anataka nini?"

"Anataka tuseme mu audio yako kama siye benyewe hatuitaki ile sheria. Kama kilo mia tumezoea. Amesema niseme miye, juu miye njo nilitangulia kuweka chini."

Nikampa karatasi yangu. Rosette anasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mimi ndiye niliyemfundisha, baba alipokataa kumlipia shule. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Iko muzuri. Itanirudisha ku liste?"

"Rosette, Bunge likirudi, kitu cha kwanza bataleta ni sauti yako. Batasema bamama benyewe balikataa. Ile edit itakufa."

"Najua."

"Na utabeba kilo mia mpaka lini?"

"Miye sijui. Weye njo unajua mambo ya Bunge." Akavuta kiti, akashika ukuta, akakaa. "Batoto batakula nini iyi miezi tatu? Weka simu, Yaya. Boti ya kesho inafika mapema."

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kama ningepaswa kukataa, na sijapata jibu ambalo ningeweza kumwambia yeye usoni. Niliweka simu mezani kati yetu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Miye naitwa Rosette, mama wa bandari. Siye bamama tunamushukuru sana Honorable kwa kutufikiria. Lakini ile kilo mia tumeizoea, na hakuna mutu anatulazimisha. Tunaomba batuache tutumike."

Alisema mara moja, bila kukosea hata neno. Miaka sita nimerekodi wakubwa wa kila aina, na hakuna aliyewahi kuimaliza kwa mara ya kwanza. Nikaiweka sauti yake kati ya tangazo la maji na mazishi ya Katana, nikaituma. Karatasi yangu niliichana. Jioni Muheshimiwa aliniandikia kwamba kipindi kilikuwa kizuri, kwamba kinaonyesha watu wetu wana uhuru wa kusema.

Jumamosi asubuhi sikwenda salongo. Nilishuka bandarini. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba nitaiacha ofisi, kwamba nitatafuta namna nyingine, kwamba Rosette anisamehe. Boti ilikuwa imeshatia nanga. Kwa mbali nikamwona Rosette ameinama, wanaume wawili wanamwekea gunia la makala, wa tatu anamrekebishia kamba kwenye paji la uso. Elysée alikuwa amesimama pembeni na orodha yake. Akaniona, akaniinulia kofia.

Rosette akaanza kupanda. Nilisimama katikati ya ngazi kumngojea, nikiyapanga maneno yangu. Alikuja polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, anapumua kwa nguvu. Mtu aliye chini ya mzigo wa namna ile haoni uso wa mtu. Anaona ngazi na viatu tu. Alipofika kwenye viatu vyangu akasimama, na gunia likayumba.

"Papa, tafazali," akasema, kama anavyoambiwa mtu yeyote, "utoke mu njia."

Nikasogea matopeni, akapita.