Tangazo la Lifti Mbili

Macho ya mgeni hayaanzi na maneno. Huanza na taa, hushuka mlangoni, hutua kwenye kitufe. Na kidole kikishabonyeza, ndipo hukumbuka kwamba ukutani palikuwa na kitu cha kusoma. Niliyajua hayo baada ya kukaa wiki mbili kwenye kiti cha kukunja, chini kabisa ya Jengo la Carrick, nikifuma soksi na kuwatazama watu wakiingia kutoka kwenye mvua.

Jengo letu lina ghorofa ishirini na nne na lifti mbili. Ya kushoto husimama ghorofa ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya ishirini na tatu. Ya kulia husimama ya pili, ya nne, ya sita, hadi juu kabisa. Sisi wakazi hatuoni ajabu. Ikiharibika ya kwako, unapanda ya jirani, unapita ghorofa moja zaidi, kisha unashuka kwa miguu. Watoto wetu hulijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo tangazo lililokuwa ukutani halikuwa letu, wala sidhani kama kuna mkazi aliyewahi kulisoma hadi mwisho.

Mimi nililisoma siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu.

Wattie alianguka jikoni Jumapili mchana, tumetoka kanisani, supu iko mezani. Tulikuwa tunakaa ghorofa ya kumi na mbili. Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika upesi, wakaingia lifti waliyoikuta wazi, ya kushoto. Ndani hakuna kitufe cha kumi na mbili. Wakatoka. Ya kulia ilikuwa juu, ikishuka na kusimama kila mahali kama mwanamke anayeaga watu baada ya ibada. Mtu yeyote wa Carrick angewaambia wapande hadi kumi na tatu, washuke moja kwa miguu. Ila chini hapakuwa na mtu. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda dakika zile zisingebadilisha kitu. Huenda. Neno hilo nililala nalo, upande ule wa kitanda aliokuwa akilala Wattie.

Tangazo lenyewe lilikuwa katikati ya milango miwili, ndani ya kioo, chini ya onyo kuhusu mbwa. Lilisema: “Wakazi na wageni wanaarifiwa kuwa lifti iliyo upande wa kushoto haihudumii ghorofa zenye namba shufwa, isipokuwa inapolazimu.” Sikusoma zaidi ya shule ya msingi. Nilisimama nikahesabu kwa vidole: mbili, nne, sita. Na mimi sikuwa nakimbia, wala sikubeba machela.

Wattie hakuwa wa kurudi. Lakini Nan Rafferty alikuwa bado hai, ghorofa ya kumi na tano. Moyo wake ulikuwa umekwisha kupasuliwa mara mbili, na hospitali walimwambia kwamba ugonjwa ukija tena hautabisha hodi. Tulikuwa marafiki tangu jengo linanukia rangi, yeye Mkatoliki, mimi Mprotestanti, na hatukuwahi kupitisha wiki bila kutaniana. Nikajiambia kwamba watakaokuja kumchukua Nan hawatahesabu kwa vidole.

Nililipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wakazi, katika chumba cha kufulia. Kila mmoja alikuwa na tangazo lake. Bwana Pettigrew alitaka lianze na salamu. Mwingine alitaka liwakumbushe watoto wasicheze na vitufe. Yule wa ghorofa ya ishirini alitaka sababu za wajenzi zielezwe, watu wasije wakadhani sisi ni wajinga. Nan alikuwa amekaa juu ya mashine ya kufulia, akitafuna biskuti.

“Andikeni waliookoka kulia, Wakatoliki kushoto,” alisema, akininyooshea biskuti. “Effie atafika mbinguni kwa lifti, mimi nitapanda ngazi.”

Watu wakacheka, kikao kikaisha, na ikaandikwa barua kwa ofisi ya nyumba. Ofisi ikajibu kwamba maneno mapya yatapitiwa na wahusika kwa wakati wake.

Ndipo nikashuka na kiti changu. Nilimwona mleta pizza akipanda na kushuka mara mbili, chakula kikipoa. Nilimwona kasisi wa Nan mwenyewe akilisoma tangazo, akakunja uso kama aliyepewa mtihani, kisha akaingia lifti isiyo yake. Niligundua kwamba mgeni hataki kujua lifti isikokwenda. Ana namba moja tu kichwani, ameishika kama mtu aliyeshika yai, na anatafuta mahali pa kuitua.

Nikarudi nyumbani nikaandika. Nikafuta. “Tafadhali” ikatoka, “wanaarifiwa” ikatoka, shufwa na witiri zikatoka. Wattie alikuwa mchora mabango ya maduka, na brashi zake bado zilikuwepo. Nikachora kwa wino mweusi, herufi za urefu wa kidole. Juu: HII INAKWENDA. Chini yake namba zote za lifti hiyo, moja baada ya nyingine. Mwisho kabisa: NAMBA YAKO HAIPO? TUMIA YA PILI. UMESHAINGIA? PANDA MPAKA INAYOFUATA, SHUKA MOJA KWA MIGUU. Nikabandika moja kila upande, juu kidogo ya kitufe, pale macho yanapotua.

Mtunza jengo, Struan Meikle, aliyabandua kesho yake. Nikabandika mengine. Akayabandua tena, akaja kwangu amevua kofia.

“Mama Lennox, unanitafutia balaa. Karatasi isiyo na mhuri hairuhusiwi ukutani.”

“Wattie naye hakuwa na mhuri,” nilimwambia.

Aliivaa tena kofia yake. Kisha akaniuliza kama nina gundi nzuri zaidi, maana ile ilikuwa inaachia kwa unyevu.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa chini, kwenye kiti changu. Gari la wagonjwa likasimama mlangoni. Wakaingia wawili, mwanamke na mwanamume, na kiti cha magurudumu. “Kumi na tano,” mwanamke alimwambia mwenzake, na soksi ikaanguka kutoka mikononi mwangu.

Nilifungua kinywa. Haikutoka hata herufi. Lifti ya kulia ilikuwa wazi, na yule mwanamume alikwisha kuingiza mguu mmoja.

Macho ya mwanamke yalipanda kwenye taa. Yakashuka mlangoni. Yakatua.

“Siyo hiyo,” alisema. “Hii.”

Hakunitazama. Hakujua kwamba pale pana mtu. Lifti ya kushoto ikafika, ikawameza, na taa juu ya mlango zikaanza kuwaka: moja, tatu, tano. Nimesali tangu utotoni, na nimeamini siku zote kwamba neno linaweza kwenda mahali ambapo mwili haufiki. Lakini sikuwahi kuliona likienda. Saba. Tisa. Kumi na moja. Kumi na tatu. Taa ikasimama kwenye kumi na tano, nikagundua kwamba kinywa changu kilikuwa bado wazi.

Sijui nilisimama muda gani katikati ya milango ile miwili. Taa zilipoanza kurudi sikuwa na ujasiri wa kuzihesabu. Mlango ukafunguka. Nan alikuwa amefungwa mikanda kitini, rangi ya majivu, kinyago cha hewa usoni. Aliponiona alikisogeza kwa vidole viwili.

“Sogea, Effie,” alisema, sauti kama uzi. “Unawaziba watu wasisome.”

Nikasogea. Wakapita. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya gari lililoachwa milango wazi, na yule mwanamke alikuwa akikimbia kando ya kiti, ameushika mkono wa Nan, mtu ambaye dakika kumi zilizopita hakujua kama yupo duniani.