Mkanyaga Pedali

Pedali ya breki ya pikapu yangu kuukuu ilizama hadi sakafuni, na huku Mokhotlong, kwenye milima ya Lesotho, mtu hateremki mlima bila breki. Nilibadilisha mpira uliokuwa ukivuja, nikajaza mafuta mapya ya breki. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, kazi ya watu wawili, nami naishi peke yangu. Nikamwita jirani yangu, Mama Lineo. Akaja amejifunga blanketi, akapanda kwenye kiti cha dereva. Nikajilaza chini ya gari na spana.

“Kanyaga! Shikilia!”

“Nimeshikilia, ntate,” akajibu, akiniita baba kwa Kisotho. “Ukifia huko, gari nachukua mimi.”

“Achia!”

Povu likatoka, kisha mafuta matupu. Breki zilikuwa zimepona, lakini niliendelea kuita. Tangu theluji ianze sikuwa nimejibiwa na mtu hapa kwangu.

“Ntate,” akasema, “mbona pedali ni ngumu kama jiwe tangu muda ule? Unatafuta nini?”

“Upepo.”

Akafungua mlango wa gari.

“Haya. Ukirudi kesho huo upepo, niite.”

Nikaona viatu vyake vikishuka, vikaelekea kwake, ambako nako hakuna mtu.