Jiwe la Kilo Moja

Muuzaji wa duka la dawa alikuwa ameacha kubandika bei. Siku hizi aliziandika kwa penseli, ili afute kwa urahisi. Bwana Mizani aliliona hilo kabla hajasalimiwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nipe matone ya macho ya mama yenu.”

Binti muuzaji akafuta bei, akaandika upya. “Imepanda tena. Dola imepaa.”

“Mimi silipwi kwa dola, binti yangu.”

“Wala mimi, mzee. Ila dawa haiji bila hiyo.”

Alitoka mikono mitupu. Pensheni yake ilikuwa ile ile tangu alipoagwa ofisini. Haikupungua hata senti, na wakubwa wa mfuko wa pensheni walijisifia jambo hilo bila haya. Zamani ilitosha chakula, pango na dawa. Sasa ilikata roho kwenye pango na unga. Na daktari alikwisha kusema wazi: mkewe akikosa matone, presha ya macho itamaliza nuru iliyobaki.

Nyumbani alifungua kabati, akatoa mawe ya mizani ya shaba aliyozawadiwa siku ya kustaafu. Enzi zake za ukaguzi wa mizani, akitokea tu mwanzo wa soko, mawe ya wizi yalikimbilia chini ya meza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hakujisumbua kuinuka. Alitundika jiwe kubwa kwenye mizani yake ya ndoano.

“Gramu mia nane.”

“Soma jiwe, kijana. Ni kilo moja, na mhuri wa serikali huo hapo.”

“Jiwe lina yake, babu, mizani ina yake. Mimi nalipa kwa mizani.”

“Ningekuwa kazini, mizani hiyo ningeifunga kwa lakiri sasa hivi, nawe ungelala ndani!”

“Lakini ulishastaafu, babu. Tunapima, au unarudi nayo?”

Bwana Mizani alilitazama jiwe likining’inia. Halikuwa limepungua hata chembe. Kumbe hata pensheni yake walimfanyia hivi hivi: jiwe hawakuligusa, walichezea mizani.

“Pima,” alisema, na neno hilo likamtoka kama kohozi.

Akasimama wima kushuhudia mawe yake yakisomwa uongo, moja baada ya jingine, hadi lile dogo kabisa. Kisha akarudi duka la dawa nusu akikimbia, mtu mzima na heshima zake, akiiogopa penseli.

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

“Umepata?”

“Nimepata.”

“Nilisikia kabati. Mawe yako umemuuzia nani?”

“Mnunuzi wa chakavu.”

Bibi akacheka hadi mabega yakamtikisika. “Maskini, mtoto wa watu! Bila shaka umemkagua mizani mpaka akajuta kukufahamu.”

Bwana Mizani alikwenda kunawa kwa sabuni, akarudi, akafungua kichupa.

“Inua uso, mama watoto. Usipepese.”

Tone likaanguka mahali pake. Bibi alikunja pua, macho bado yakitazama dari.

“Mume wangu, mbona mikono yako inanuka shaba hivyo? Hebu kanawe.”

Akaenda kunawa tena.