Shimo Chini ya Lango

Ko. Ko. Ko.

Nilikuwa ndani, mikono imejaa udongo, nakandika ukuta wa chumba cha bibi. Sauti ile haikuwa mchi kinuni. Ilitoka upande wa mto, ikanyamaza, kisha ikarudi karibu zaidi.

"Nenda kaangalie," alisema bibi yangu, Bi Mosi. "Na usipigane na mtu."

Nilipotoka niliona vigingi. Vilipandwa mstari mmoja kutoka mtoni, kamba imenyooshwa juu yake. Nyuma yake alikuja Mdachi mpimaji na darubini yake ya miguu mitatu, askari mwenye kiboko, na kundi la vibarua. Nyapara wao alikuwa Pazi, Mzigua wa Turiani, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Gari moshi lilikuwa limefika Morogoro mwaka ule, na serikali ilitaka barabara iliyonyooka kutoka bomani hadi stesheni. Nikaifuata ile kamba kwa macho. Ilielekea moja kwa moja kwenye lango letu.

"Wewe," alisema Mdachi kwa Kiswahili chake kikavu. "Mtaa huu unaitwaje?"

"Langoni, bwana."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha, wala sikumpitisha haraka. Nilimpitisha kwenye baraza ya kwa Rehani, iliyolainishwa na makalio ya babu zake na wageni wao mpaka inang'aa kama jiwe la mtoni. Nilimwonyesha nyumba ya Bi Mwaisha, ambayo kizingiti chake kiliwekwa juu makusudi ili kila anayeingia ainue mguu na kuinamisha kichwa, hata akiwa jumbe. Nilimpitisha kwenye kichochoro chembamba ambamo watu wawili wakikutana lazima wasalimiane, maana hakuna aliye na nafasi ya kujifanya hamwoni mwenzake. Nikamwambia kwa nini milango yetu yote inatazama milima ya Uluguru: mvua hutoka kule, na mwenye nyumba huiona kabla haijamkuta.

Kisha tukafika langoni. Ukuta wa zamani ulikuwa umebomoka sehemu nyingi, lakini lango lilisimama. Mawe yake yalibebwa kutoka mtoni vichwani, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu wa Bigwa. Milango yake miwili ilikuwa ya mvule, imechongwa minyororo na majani, na chini kulikuwa na makovu ya mikuki ya vita ambayo wazee walikataza yasipigwe randa.

Mdachi alipitisha kidole juu ya mnyororo wa mti. "Kazi nzuri," alisema. "Mbao tutazipeleka bomani. Mawe yatajaza barabara."

Damu ilinipanda. Sina mwalimu wa tungo. Nimejifunza mwenyewe kwa kuhesabu mizani vidoleni nikikandika kuta za watu. Nilisimama katikati ya lango, nikasema kwa sauti:

"Lango hili ni la kwetu, mawe yetu ya mtoni,
Uluguru mama yetu, kayatia mikononi."

Askari akainua kiboko. Pazi akacheka.

"Mwacheni," alisema. "Mluguru akiishiwa maneno huanza kuimba. Na huyu anaimba kama mbuzi aliyenaswa kwenye ua."

Angesema mtu mwingine, ningemrukia. Lakini Mzigua ni mtani wetu. Mtani akikutukana, unacheka au unamrudishia. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Afadhali mbuzi," nikasema. "Nyinyi Wazigua mkiimba, hata fisi huhama."

Vibarua wakacheka, lakini kazi haikusimama. Mahali pale palihitaji nguzo kubwa badala ya kigingi, kwa hiyo wakaanza kuchimba katikati ya lango. Shimo likafika magotini, kisha mapajani. Nilikuwa nimekunja ngumi, nikimtazama yule askari, nilipohisi mtu ananisogeza kando.

Alikuwa bibi. Alikunja kanga yake vizuri, akashuka shimoni, akaketi.

Majembe yakasimama hewani.

"Pazi," alisema, "mnamzika nani hapa bila kumwita mtani?"

Pazi alielewa mara moja. Kwetu mtu akizikwa, mtani huweza kuingia kaburini kabla ya maiti na kukaa humo mpaka apewe anachotaka. Hatolewi kwa nguvu. Hata jumbe hawezi kumtoa.

"Shikamoo, bibi," alisema Pazi.

"Marahaba. Jibu."

"Hili si kaburi, bibi. Ni shimo la nguzo."

"Mnakuja kuliua lango la babu zangu, mnalichimbia shimo, halafu unaniambia si kaburi? Mama yako alikuzaa usingizini?"

Kibarua mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwingine akaweka jembe. Wote wakayaweka chini. Askari akapiga hatua kuelekea shimoni, na Pazi akasimama mbele yake. Hakuwa anacheka tena.

"Afande, ukimgusa huyu mama, hakuna mtu hapa atakayeshika jembe. Nami nitakuwa wa kwanza kuondoka."

"Kuna nini?" Mdachi aliniuliza.

Nikamweleza kaburi, mtani na malipo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Anataka nini?"

"Lango, bwana."

Aliwatazama vibarua waliokaa chini. Alitazama mlima, ambako wingu lilikwisha kushuka nusu ya mteremko. Akaitazama tena ile minyororo ya mvule. Kisha akanyanyua darubini yake mwenyewe, akaenda kuisimika nje ya ukuta, kwenye shamba la mahindi lililokwisha vunwa.

"Barabara itapinda," alisema.

Ko. Ko. Ko. Safari hii sauti ilikuwa inatuzunguka, ikienda mbali. Watu wa Langoni walitoka barazani, wakasimama wima kama siku ya Idi.

Nikampa bibi mkono atoke. Akaupiga.

"Si wewe. Aliyenichimbia ndiye atakayenitoa."

Pazi aliinama, akamnyanyua taratibu, akampangusa vumbi begani.

"Na jogoo wangu?" bibi aliuliza. "Mtani hatoki bure."

"Jogoo atatoka kwenu," alisema Pazi, na bado ameushika mkono wake. "Sikia, bibi, na hawa wote wasikie. Siku yako ikifika, niwe Turiani, niwe Mikese, nitakuja. Nitapita chini ya lango hili, nitaingia shimoni kabla yako, na sitatoka mpaka huyu mjukuu wako anipe jogoo, na aniimbie ule wimbo wake wa mbuzi mpaka mwisho."