Aliyeshika Waya wa Ethi

Dafroza alikuwa amechuchumaa uani, anaparua magamba ya sato juu ya gunia, mama yake alipotokea nyuma ya jiko akaushika waya. Jua lilikuwa linazama na wapangaji walikuwa wameanza kuwasha taa. Mama alikuwa amezikwa Murangi, na asubuhi ya siku hiyo ndugu walikuwa wameanua matanga. Alivaa kitenge kilekile walichomvisha. Alisimama peku kwenye shimo dogo lililokuwa kando ya ukuta, miguu ikazama udongoni hadi kwenye vifundo, akaikamata kwa mikono miwili ncha ya waya iliyokuwa inaning'inia pale.

"Shikamoo, mama," alisema Dafroza.

"Marahaba. Hiyo samaki usiipasue nyongo."

Nyumba ilikuwa ya Mzee Bernado, pale Iringo, vyumba vinavyotazamana na ua mmoja. Lile shimo lilikuwa la nondo ya shaba, ambayo fundi Twalib aliichimbia umeme ulipoingia, akaifunga waya wa ethi. Baadaye ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na Mzee Bernado akaanza kusumbuliwa na viungo. Kila mtu pale anajua kwamba shaba hunyonya maumivu, ila shaba haikupatikana. Basi mzee akaing'oa ile nondo, akampelekea mhunzi, akafuliwa bangili za mikono yote miwili. Taa ziliendelea kuwaka kama kawaida. Mzee alisema hakuona kazi ya lile dude.

Kazi yake ilionekana siku koili ya jiko la wapangaji ilipokatika ikalalia bati la jiko. Twalib alieleza msibani kwa sauti ya chini.

"Umeme ukipotea njia unatafuta udongo. Shaba ingekuwepo, ungepita huko, fyuzi ingekatika, yakaisha. Sasa shaba haipo, sakafu ina maji, mama yuko peku, ameshika sufuria. Ukapita kwake."

Mzee Bernado, aliyekuwa amebeba jeneza upande wa mbele, alisema nondo hazipo nchini, zikija atakuwa wa kwanza kununua. Watu walikubali. Hata misumari ya lile jeneza ilitafutwa mpaka Bunda.

Tangu mama aushike waya hakuna aliyepigwa tena. Wapangaji walipita, wakamwamkia, naye akaitikia kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Jioni majiko yalipowashwa, nywele zake zilisimama ndani ya kilemba na meno yake yakavuma kama nyuki walio mbali. Alfajiri, taa zikizimwa, aliondoka.

"Mama Dafroza, leo umelegea!" Jenoveva wa chumba cha pili alimpigia kelele siku moja. "Pasi imeninong'oneza!"

"Nikaze mara ngapi? Nunua pasi nyingine, hiyo uliolewa nayo."

Jenoveva alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Twalib alimwonyesha Dafroza kwamba ethi inataka udongo wenye unyevu, mkaa na chumvi. Kila magharibi Dafroza alimmwagia mama yake ndoo ya maji ya chumvi miguuni. Wazee wa Murangi waliposikia walisema amefanya vema, marehemu hupewa maji. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na maji yalikuwa yaleyale.

Umeme ulipokatika mama aliuachia waya, akakaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Hapo ndipo walipoongea.

"Kaburi langu ninalo, Dafro, wamenijengea vizuri, na sijalala humo usiku hata mmoja. Nataka kwenda. Ila nikiuachia, nani ataushika? Na wewe unapikia jiko lilelile."

Umeme uliporudi alisimama katikati ya neno. Kuna habari ya baba yake Dafroza, jinsi mtumbwi ulivyorudi bila yeye, ambayo mama aliianza mara nyingi na hakuimaliza. Dafroza akawa mtu wa kupenda giza.

Kisha bidhaa zikaruhusiwa. Katika duka la Hamduni zikaingia sabuni za kila rangi, betri, mitumba, na kwenye kona, nyuma ya mlango, nondo za ethi zimesimamishwa kama mifagio. Dafroza aliigusa moja. Ilikuwa ya baridi. Bei yake ilikuwa ya mtu mwenye friji.

Dafroza aliacha shule akiwa darasa la tano na hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wakubwa. Siku hiyo alikwenda mpaka mlangoni kwa Mzee Bernado, akapiga goti. Mzee alikuwa anafungua boksi la friji.

"Baba, nondo zimefika kwa Hamduni."

"Nimeziona."

"Mama anataka kwenda kulala."

Mzee alizizungusha bangili zake. "Kuna mpangaji amepigwa na umeme tangu mama yako aanze?"

"Hapana, baba."

"Sasa ninunue ya nini? Zile za Hamduni ni chuma, wamezipaka tu shaba kwa juu. Haziwezi kumfikia mama yako."

"Ndiyo, baba," alisema Dafroza, akarudi jikoni.

Friji ilifanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo mama hakuondoka tena alfajiri. Kuku walizoea kulala miguuni pake.

Barafu iliuzika. Mzee Bernado akajenga nyumba nyingine Bunda, mtaa wa Manyamanyama. Twalib alipouliza nondo iko wapi, mzee alisema achimbe shimo, aache nafasi. Chumba cha kwanza kilipangwa na Getruda, msichana wa Murangi aliyekuwa ameolewa karibuni. Dafroza alimtumia salamu kwa watu wa gulioni kwamba asipike peku. Alijibiwa kwamba Getruda ameshukuru sana kwa salamu.

Jioni moja, Dafroza akiwa anamwaga maji, mama yake aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chini.

"Kuna mwingine ameshika, upande wa Bunda. Namsikia kwenye nyayo. Anatetemeka, hajajua kusimama." Meno yake yalivuma. "Nani anammwagia maji?"

Jumamosi Dafroza alivaa malapa, akachukua ndoo na pakiti ya chumvi, akapanda gari la Bunda. Aliwakuta wapangaji wa Manyamanyama wanapika, redio inaimba. Nyuma ya jiko, kando ya ukuta ambao rangi yake ilikuwa haijakauka, Getruda alikuwa amesimama shimoni na kitenge cha harusi, ameushika waya kwa vidole.

"Shika kwa viganja, dada," alisema Dafroza. "Na miguu iache izame."

Getruda alifanya hivyo. Dafroza alimwaga maji taratibu, kwanza mguu wa kulia. Udongo wa pale ulikuwa mkavu, uliyanywa yote.

"Asante," alisema Getruda. "Eti, huku umeme unakatikaga lini?"

Dafroza alikwenda kujaza ndoo nyingine.